Mashine nne za kusugua mazulia, na moja ambayo ningeililia

Aina nne za mashine za kusugua mazulia nimezimiliki katika miaka 12 ya kazi hii. Moja nimeiuza. Moja iko stoo, imefunikwa turubai, hutoka mara mbili tatu kwa mwaka. Mbili ziko kwenye gari sasa hivi ninapoandika, na kati ya hizo kuna moja ambayo ikiibwa usiku huu nitaililia kabla sijalilia gari lenyewe.

Naandika kwa sababu hakipiti kipindi kirefu bila mtu anayeanza kazi hii kuniuliza, "Dada, ninunue ipi?" Na mimi humjibu kwa swali: utasafisha mazulia gani? Ya korido za hoteli, ya vigae vya ofisini, yaani vile vipande vya zulia vya mraba, au ya sebuleni kwa watu? Wengi hunyamaza hapo. Picha za mashine wameshaziangalia, wati za mota wanazijua kwa kichwa, hata rangi wamechagua. Zulia ndilo ambalo hawajaliinamia walione.

Niseme kwanza kwa nini mashine ya kusugua inahitajika, maana nami nilikaa miaka miwili bila kuwa nayo. Nilikuwa na mashine ya kunyunyiza maji moto na kuyafyonza, nikaamini kwamba presha ya yale maji ndiyo kusugua kwenyewe. Siyo. Maji hugusa manyoya ya zulia kwa nukta ya sekunde, kisha yanavutwa. Uchafu wa mafuta ulioganda chini ya mlango wa kuingilia hauondoki kwa kuguswa. Mwaka 1959 Mjerumani Herbert Sinner, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya sabuni ya Henkel, aliigawa kazi ya kusafisha katika vitu vinne: dawa, joto, muda na nguvu ya msuguano. Akavichora kama duara moja lenye vipande vinne. Ukikipunguza kimoja, vingine vinapaswa kunenepa. Sasa chukua zulia la sufu. Dawa kali huwezi, itaharibu sufu na rangi. Maji ya moto sana huwezi. Muda huna, mteja amesimama mlangoni anaangalia saa. Kinachobaki ni kusugua, na kusugua kwenyewe kwa adabu, kwa sababu sufu ikisuguliwa kwa fujo ikiwa imelowa hujikunja na kushikana kama nywele zilizosokoteka.

Basi nianze na kipenzi changu.

Ni mashine ya brashi pacha. Chini yake zimelala brashi mbili za umbo la bomba, kila moja yangu ina urefu wa sentimita 35, nazo huzunguka kinyume, kila moja ikielekea kwa mwenzake. Ya mbele inayalaza manyoya huku, ya nyuma inayarudisha kule. Kila unyoya unapigwa mgongo na kifua, ukimaliza unabaki umesimama. Hapo katikati, brashi zinapokutana, zote mbili zinapanda juu, kwa hiyo chochote kilicholegea kinarushwa na kuangukia kwenye sinia mbili zilizo mbele na nyuma ya mashine. Yangu ina kilo 16. Naibeba peke yangu kupanda ngazi, mkono mmoja, mwingine umeshika reli.

Siku ya kwanza niliitumia kwenye korido tuliyokuwa tumeshaifyonza kwa vakyumu mara mbili, ya pili kwa mwendo wa konokono. Nikaipitisha kavu, bila dawa, kama mchezo wa kuijaribu. Baada ya mita kama 10 nikaizima, kijana wangu wa kazi akachomoa sinia. Mle ndani mlikuwa na mchanga wa kujaza kiganja, nywele zilizoviringana kama panya, pini za stepla, kipande cha kucha na hereni moja ya kike. Akaiangalia sinia, akaniangalia mimi.

"Mama, si tulishafyonza?"

"Tulishafyonza."

Akanyamaza, akaenda kufyonza tena. Safari hii vakyumu ilitoa vumbi ambalo lingekuwa tope tungelinyunyizia dawa dakika tano kabla. Kiwango cha S100 cha IICRC, ile taasisi ya vyeti vya fani yetu, kinaweka uondoaji wa uchafu mkavu mbele ya unyevu wowote, na kila mtu mwenye cheti anaweza kukutajia hilo akiwa usingizini. Kulitenda ni jambo jingine. Tangu siku ile hakuna zulia ninalolilowesha kabla ya kulipitishia brashi pacha kavu, isipokuwa pale ambapo haifai kabisa, nitapataja.

Kwenye hatua ya maji mambo ni mepesi. Nanyunyiza dawa, napita mara moja kwenda na mara moja kurudi, naiacha dakika 10, halafu nasuuza na kufyonza. Sisukumi. Mwenzangu yeyote aliyetoka kwenye kudeki sakafu hukandamiza mpini kwa uzito wake wote akidhani anasaidia. Ukikandamiza, ncha za brashi zinalala na kupapasa kwa ubavu, na zinazosugua ni ncha. Iache mashine ielee kwa uzito wake, wewe ongoza tu. Ukiona inajivuta mbele kidogo, ujue brashi ya mbele na ya nyuma hazijachakaa sawa, zibadilishane nafasi.

Kuhusu ugumu wa brashi: rangi isikudanganye. Nyeupe ya mtengenezaji huyu inaweza kuwa laini na ya yule ikawa ya wastani. Ishike kwa vidole, uikwaruze ndani ya mkono wako, pale pa kupimia joto la maji ya mtoto. Ikikuachia mistari myekundu haifai zulia la sufu wala la manyoya laini yaliyokatwa. Mimi nina seti mbili, laini na ya wastani. Ngumu nilinunua, nikaitumia kwenye vigae vya sakafu vyenye michirizi ya saruji, kazi ambayo inaifanya vizuri mno, na kwenye zulia haijarudi.

Sasa dosari, maana mapenzi hayajanipofusha. Haifiki ukutani. Kwa yangu hubaki ukanda wa sentimita 4 hivi, na huo ni wa brashi ya mkono, goti kwa goti. Nywele hujisokota kwenye ncha za brashi, zinapenya hadi kwenye beringi, zikilowa na kukauka zinakuwa kama uzi wa kushonea viatu. Beringi ya kwanza ilikufa hivyo, kwa uvivu wangu. Siku hizi kila jioni tunazichomoa brashi na kukata nywele kwa wembe wa kufumulia nguo, dakika tano. Kisha kuna zulia la manyoya marefu ya kulala, yale unayozamisha vidole: usijaribu, litajiviringisha kwenye brashi na mashine itasimama ikilia. Na mapindo! Zulia la kusukwa kwa mkono lenye pindo, simamisha mashine hatua moja kabla ya kulifikia. Mimi nimewahi kulisha mashine pindo la sentimita 20 kabla sijapata swichi. Mwenye zulia alikuwa mtu wa utu, lakini mtengeneza mazulia niliyempelekea alinihesabia kila uzi.

Mashine iliyoko stoo ni ya diski moja. Hiyo wengi mnaijua: mota juu, diski ya sentimita 43 chini, mpini mrefu, ukiuinua kidogo inakwenda kulia, ukiushusha inakwenda kushoto, na asiyeizoea hurushwa nayo hadi kwenye kabati. Ndiyo mashine ya kwanza kwa karibu kila anayetoka kwenye kusafisha sakafu, na ndiyo maana ndiyo inayoharibu mazulia mengi. Nina ushahidi wangu mwenyewe.

Lilikuwa zulia la sebuleni, manyoya yaliyokatwa, laini kama mahameli, rangi ya mchanga. Mashine ya diski nilikuwa nayo tayari, nikajiambia mota ni mota, nikaifunga brashi ya kuoshea zulia. Likiwa bichi lilipendeza. Kesho yake asubuhi simu ikalia: "Fundi, njoo uone ulichonifanyia." Nikaenda. Jua lilikuwa linaingia kwa ubavu kupitia dirishani, na sakafu nzima ilikuwa miduara, duara juu ya duara, kama meza ambayo watu wameweka vikombe vya moto usiku kucha. Nikachukua reki nikachana. Nikapitisha mvuke nikachana tena. Miduara mingine ikafifia, mingine ikakaa. Uzi wa zulia la namna ile umesokotwa na kutiwa joto kiwandani ili msokoto ukae. Ukifumuka ncha, huwezi kuusokota tena nyumbani kwa mtu, nyuzi laki ngapi huko. Nililipa fidia kwa awamu.

Baadaye nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, nikaelewa. Diski ya sentimita 43 ikizunguka mara 175 kwa dakika, ukingo wake unapita juu ya zulia kwa karibu mita 4 kila sekunde, ilhali katikati pamesimama. Juu yake kuna kilo 45 za chuma na mota. Na kila unyoya unasukumwa kwa upande mmoja, haurudishwi. Brashi pacha inamsalimia unyoya pande zote, diski inamkokota. Kwenye zulia la polipropilini kuna hatari nyingine, joto. Nyuzi hizo huyeyuka kwenye joto dogo kuliko nailoni, hata kuburuta kabati zito tu huweza kuacha mstari unaong'aa. Pedi iliyokauka ikizunguka mahali pamoja inaacha mng'ao kama huo, na haufutiki kwa kuwa si uchafu, ni plastiki iliyoyeyuka.

Lakini sitaitupa. Kwenye korido zenye zulia fupi la vitanzi vya nailoni, lililogandishwa sakafuni kwa gundi, likiwa na njia nyeusi ya miguu ya watu, mashine ya diski yenye pedi nene iliyoloweshwa vizuri inavunja mafuta haraka kuliko zote nilizonazo. Mara mbili tatu kwa mwaka napata kazi ya namna hiyo. Yuko ndugu yake wa diski tatu, mfano Cimex ya Uingereza: diski ndogo tatu zinazozunguka kila moja kwa nafsi yake huku kitako chote kikizunguka pia, hivyo hakuna upande mmoja unaotawala, na mpini hautoroki mkononi. Niliitumia ya kuazima kwa juma zima kwenye kumbi kubwa na ningeinunua kama kazi zangu zingekuwa za kumbi kubwa. Zangu ni za ngazi na sebule. Kwa vigae vya zulia vya ofisini mjihadhari na diski yoyote: kona ya kigae ikiwa imeinuka kidogo, diski inaidaka na kukunjua safu nzima mbele ya macho ya meneja.

Ya pili kwenye gari ni ya kutikisika. Kichwa chake hakizungushi pedi kama diski. Pedi inachezacheza kwenye miduara midogo, ya milimita chache, lakini kwa kasi sana, zaidi ya mara 1,400 kwa dakika. Unaiongoza kwa vidole viwili. Mtu ambaye hajawahi kushika mashine anaifanyia kazi siku hiyo hiyo, nami nimeshawafundisha wawili kwa dakika 15. Haiachi miduara, hairushi matone ukutani, haina ubishi.

Kuinunua ndiko kulikuwa na ubishi. Orodha ya muuzaji iliandika mizunguko 1,725 kwa dakika, mashine ilipofika ikawa inajikokota, inapata moto, na ukiiweka mkono juu ya mota baada ya nusu saa unautoa mwenyewe. Nikarudisha, nikaambiwa ni mpya, itazoea. Mota haizoei chochote. Fundi umeme mmoja akaisoma bamba lake akacheka: imeundwa kwa umeme wa hezi 60, yaani unaopiga mara 60 kila sekunde, nami umeme wangu ni wa hezi 50. Mota za aina hii hufuata hezi za umeme, kwa hiyo kasi hushuka kwa moja ya sita, na mota hubeba mkondo mwingi kuliko iliyopangiwa. Transfoma niliyouziwa pamoja nayo inabadilisha volti tu, hezi haizigusi. Kwa hiyo mtu anayeagiza mashine kutoka mbali, soma bamba mwenyewe: volti na hezi, vyote viwili, vilingane na vya ukutani kwako. Niliyonayo sasa ni ya pili, imeundwa kwa hezi 50, na ina miaka minne bila kupelekwa kwa fundi.

Kazi yake kwangu ni matunzo ya ofisi: mazulia yanayosafishwa mara kwa mara, ambayo hayana haja ya kuloweshwa. Natumia zile dawa zenye polima, ambazo zikikauka hushika uchafu na kugeuka chembechembe kavu, kisha vakyumu inazichukua. Ofisi inafungwa jioni, asubuhi watu wanakanyaga zulia kavu. Dawa hizi si zote za kweli. Mwaga kidogo kwenye sahani ya kioo, iache siku mbili ikauke, kisha ikwangue kwa kisu. Ikitoka kama unga au vipande vya kioo, nunua. Ikinata kama asali, umeipata sababu ya zulia la mteja kurudi jeusi baada ya mwezi.

Siri nyingine iko kwenye pedi, na hapa watu wanapenda kubana matumizi. Mimi naigeuza pedi kila mita za mraba 25 hivi, kwenye uchafu mwingi nageuza mapema zaidi, na upande wa pili ukijaa naivua na kuitia kwenye ndoo. Pedi iliyojaa haisafishi, inahamisha. Unatoa uchafu wa mlangoni unaupeleka kwa mkurugenzi. Nenda kazini na pedi nyingi kuliko unavyodhani utahitaji.

Mbona basi siyo hii kipenzi changu? Kwa sababu haiingii chini. Inasugua theluthi ya juu ya manyoya, inapendezesha, na mchanga ulio kwenye kitako cha zulia unabaki umelala salama. Mara moja nilifanya jaribio la ukaidi: nilifyonza, nikaitumia hii ya kutikisika, zulia likang'aa, kisha nikapitisha brashi pacha kavu siku ya pili. Sinia zikajaa. Kwa hiyo kwenye gari zinakaa zote mbili, brashi pacha ikitangulia kavu, ya kutikisika ikifuata na dawa.

Niliyoiuza ilikuwa ya kichwa kinachozunguka chenye mabomba ya kunyunyiza na midomo ya kufyonza ndani yake, inafungwa kwenye mashine ya maji moto. Kwa zulia la poliesta lililolala na kugandamana kwa miaka inafanya maajabu, mabega yako yanapumzika pia, kwa sababu huvuti fimbo ya kufyonza huku na huku. Inataka nguvu nyingi ya kuvuta hewa, ambayo mashine yangu ndogo haikuwa nayo, hivyo ilinyunyiza kuliko ilivyofyonza na mazulia yakachukua siku mbili kukauka. Aliyeinunua ana mashine kubwa inayokaa ndani ya gari, naye anaisifu kila tukikutana.

Halafu kuna reki ya zulia na brashi ya mkono, ambazo hakuna anayeniuliza habari zake. Kwenye ngazi, chini ya meza zilizofungwa sakafuni, kwenye ule ukanda wa sentimita 4, ndizo zinazofanya kazi. Reki yangu ina meno mafupi ya plastiki, mpini wa mita moja na nusu. Baada ya kufyonza maji nachana manyoya yote upande mmoja. Yanakauka upesi na hayakauki yakiwa yamelala hovyo. Wateja wengine hudhani ni pambo la mwisho. Waache wadhani.

Ukienda kununua, ingia na kipimo cha mizigo, kile cha kuning'iniza. Orodha nyingi huandika uzito bila maji, bila brashi, wakati mwingine bila mpini. Uliza waya una urefu gani. Chini ya mita 12 utaishi na waya wa nyongeza, na waya wa nyongeza ulioviringishwa kwenye ngoma hupata moto, uukunjue wote kabla ya kuwasha. Mwambie muuzaji abadilishe brashi mbele yako. Yangu hutoka kwa kubonyeza klipu mbili, bila bisibisi. Nyingine niliyoonyeshwa ilimchukua muuzaji dakika 20 na bisibisi mbili, huku akinieleza jinsi ilivyo rahisi. Uliza kama mikanda, brashi na beringi viko dukani leo, na uombe uvione. "Tunaagiza" maana yake ni mwezi mzima wa kusugua kwa magoti. Pitisha kiganja chini ya mashine kutafuta skrubu au ncha ya chuma iliyochomoza, kwa sababu zulia la vitanzi likinaswa kitanzi kimoja linafumuka mstari mzima kama sweta.

Na beba kipande kidogo cha uzi kutoka kwenye mazulia unayoyasafisha sana, cha kukata nyuma ya mlango. Kidumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. Polipropilini huelea, nailoni na poliesta huzama. Kingine kichome nje ya nyumba: sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Ukijua nyuzi zako na kama ni vitanzi au zilizokatwa, nusu ya mashine za dukani zimeshajiondoa zenyewe. Wenye sebule, sufu na manyoya yaliyokatwa: brashi pacha yenye brashi laini, basi. Wenye ofisi zinazosafishwa kila mwezi: ya kutikisika, ila mtafute brashi pacha mapema iwezekanavyo. Wenye korido za vitanzi zenye mafuta na wanaosafisha pia vigae: ya diski mnayo tayari, itumieni hapo hapo na msiivushe mlango wa sebule ya mtu.

Usinunue kwa kuonyeshwa video. Mimi nilipokwenda kuchukua brashi pacha ya sasa, baada ya ile ya kwanza kuchoka, nilimwomba muuzaji niijaribu. Akanitolea kipande cha zulia jipya cha mita moja, safi, la maonyesho. Nikamwambia hicho hakina cha kuniambia, nikaiwasha juu ya zulia la duka lake, kuanzia mlangoni hadi kwenye meza ya malipo, mara moja kwenda na mara moja kurudi, na dawa kidogo niliyokuja nayo kwenye chupa. Nikafuta kwa taulo jeupe, likatoka jeusi. Nikasema naichukua. Tulipomaliza kuandikiana risiti akageuka, akaona njia ya kijivu angavu imekatiza duka lake lote, na pande zake mbili zulia la rangi ya kahawa ambayo nadhani alikuwa akiamini ndiyo rangi yake.

"Sasa dada," akaniambia, "na huku kwingine?"